Eti mkulima wa korosho hataki kubadilika?

Sisi watu wa sosholojia swali tunaloulizwa sana ni mbona wenzetu wameendelea sisi bado, na anayeuliza mara nyingi anakuja na jibu lake kabisa: watu wetu wazito, wanaendekeza mila, hela yote inaishia kwenye ngoma na unyago. Jibu hilo lina wenyewe. Mwaka 1960 Mmarekani Walt Rostow aliandika kwamba nchi zote zinapitia hatua zilezile kutoka jamii ya kimila mpaka uchumi wa kisasa, yaani ukikwama basi hujaachana na ya zamani.

Haya, twende Mtwara na Lindi, kwenye korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho kama tani 145,000, kufikia 1986/87 hata tani 20,000 hazifiki. Sasa hiyo miaka kumi na kitu watu ndo walikumbuka mila? Hapana bwana. Operesheni vijiji, ile ya serikali ya miaka ya 70 ya kukusanya watu kwenye vijiji vya pamoja, iliwahamisha, mtu akajikuta anaishi mbali na mikorosho yake, kwenda kupalilia tu ni safari, msitu ukarudi, bei ya serikali ndogo, halafu ukaingia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukamaliza maua. Aliyeacha shamba kwa hali hiyo alipiga hesabu zake vizuri tu.

Upande wa pili kuna nadharia ya utegemezi, akina Andre Gunder Frank na Walter Rodney aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wao wanasema umaskini wetu umetengenezwa na jinsi tulivyoungwa kwenye soko la dunia. Kwenye korosho wana hoja nzito, maana nyingi inapakiwa ghafi kwenda India na Vietnam na kazi ya kubangua inabaki hukohuko. Viwanda vilijengwa miaka ya 70, mashine za Italia na Japani, hela za mkopo ikiwemo wa Benki ya Dunia, ila korosho yenyewe ndo ilikuwa inaporomoka, vingi vikalala na vingine vikageuzwa maghala (deni halikulala). Lakini nao hawa wanaruka kitu, waliohamishwa vijijini walihamishwa na serikali yetu wenyewe.

Na kuna kangomba, yaani kununua korosho za mkulima nje ya mnada rasmi. Mtu ana mtoto anadaiwa shule, ndani hamna unga, korosho bado ziko mtini, anakuja mwenye hela anazinunua palepale kwa bei ya kutupa, mnada ukifika mkulima hana chake. Ukimwangalia kwa mbali utasema hajui kuweka akiba, ila muulize nani mwingine angemkopesha miezi ile ya njaa.

Kwa hiyo ofisa mwenzangu unayeenda kijijini na semina ya kubadilisha mtazamo, kabla hujafungua makabrasha yako uliza kwanza salfa, dawa ya huo ubwiri unga, ilifika lini na malipo ya mnada uliopita yalitoka lini.