Yale madoa kwenye mawe ya Mwanza siyo kinyesi cha ndege (na wala siyo mmea)

Ukikaa Mwanza muda mrefu unaacha kuyaona mawe. Nyuma ya nyumba niliyopanga, huku mlimani Igogo, kuna jiwe refu kuliko nyumba yenyewe, limejaa madoa ya kijivu, mengine kijani mpauko, machache rangi ya chungwa, na miaka yote hiyo mi nilijua ni kinyesi cha mnandi kilichokauka. Siyo ujinga sana bana, mawe ya pembeni ya ziwa kweli yana weupe wa mnandi. Ila mnandi apande huku juu kufuata nini, samaki yuko wapi? Hilo sikujiuliza.

Baadaye mtu akaniambia ule ni mmea mdogo wa kwenye jiwe, nikaamini, kumbe nimetoka kosa moja nimeingia lingine. Mmea wa kawaida una mizizi, una majani. Hiki kitu hakina mizizi, hakina jani, na sehemu yake kubwa ni kuvu, ukoo mmoja na uyoga na ukungu wa mkate, na kuvu kiukoo yuko karibu na mimi na wewe kuliko na mchicha.

Jina lake laikeni, wengine wanasema kuvumwani, na hilo la pili limeshakupa jibu: kuvu anaishi na mwani, yule wa kijani anayeota kwenye ndoo ya maji iliyosahaulika juani (kwenye laikeni nyingine nafasi yake inashikwa na bakteria wanaotumia mwanga vilevile). Mswisi mmoja, Simon Schwendener, alisema hivyo miaka ya 1860 na wataalamu wengi wa laikeni wakampinga vikali, kwa hiyo sikukosea peke yangu. Na kama ulisoma kemia umeshakutana nazo, rangi ya karatasi ya litmasi, ile ya kupimia asidi, asili yake ni laikeni.

Sasa wanaishije? Fikiria dagaa. Tajiri anatoa mtumbwi, nyavu na taa lakini ziwani haendi, vijana ndio wanaoingia usiku, asubuhi mzigo unagawanywa mwaloni. Kuvu ndiye tajiri: anashika jiwe, anatunza unyevu, anaweka paa ili jua lisimuunguze mwani. Mwani ndiye kijana wa kazi, anachukua mwanga na hewa anatengeneza sukari, halafu nyingi inavuja nje ya seli zake na kuvu anakula. Hapa ndipo mfano unapoanza kunitia wasiwasi, maana mwani akitolewa kwa kuvu, ule uvujaji unapungua haraka, yaani inaelekea tajiri ndiye anayemfanya avuje. Wengine wanaita urafiki, wengine wanaona ni kama ufugaji, na mi nakaribia hao wa pili, hasa nikikumbuka jina la kitaalamu la laikeni ni jina la kuvu tu, kijana hata kwenye daftari hayumo. Halafu 2016 watafiti wakaripoti kuvu mwingine wa aina ya hamira kwenye ngozi ya laikeni kadhaa, ila kazi yake humo bado wanabishania.

Hebu jaribu hili. Saa nane mchana jiwe limechemka, doa la kijivu ukilikwangua kwa kucha linatoka unga, ungeapa limekufa. Mwagia maji kidogo usubiri. Langu lilikuwa kijani kabla sijafunga kizibo cha chupa. Ile ngozi ya kuvu ikilowa inapitisha mwanga, mwani wa chini yake anaonekana, na muda si mrefu anarudi kazini. Likikauka wote wanalala tena.

Zinakua taratibu mno, nyingi za kugandana na jiwe hazifikishi milimita moja kwa mwaka, ila vipimo hivyo vingi ni vya nchi za baridi kwa hiyo usipigie hesabu umri wa doa la kwako.

Mama mwenye nyumba alinikuta nimechuchumaa na chupa yangu. Shikamoo. Marahaba, unamwagilia nini hapo? Nikamweleza yote, tajiri, vijana, mgao. Akalitazama jiwe, akanitazama mimi, akasema basi ngoja nikuletee na mbolea.