Aliyeungua mguu: kwa nini tunapima kabla ya kumruhusu kwenda nyumbani

Malalamiko ya ndugu wa wagonjwa yameongezeka wodini, na karibu yote ni hili: "Kidonda kimeshakauka, mbona hamumruhusu?" Tunawaelewa. Lakini ngozi kufunga ni jambo moja, na mguu kufanya kazi ni jingine. Hilo la pili hatulikisii kwa macho.

Mgonjwa hupewa kwanza dawa ya maumivu, kisha husubiri ifanye kazi. Bandeji hufunguliwa, maana ikiwa nene huzuia goti na kutudanganya. Aliyepandikizwa ngozi karibuni hapimwi mpaka daktari wa upasuaji aandike ruhusa. Ruhusa ya mdomo haitoshi. Goniometa, kile kipima pembe chenye mikono miwili, huwekwa ubavuni mwa goti, mkono mmoja ukifuata paja na mwingine muundi, tukasoma nyuzi za kukunja na za kunyoosha. Kifundo cha mguu hupimwa mara mbili, goti likiwa limenyooka na likiwa limekunjwa, kwa sababu kovu lililopita viungo viwili hujificha ukipima kimoja. Fomu huandikwa tarehe, saa, mguu wa kulia au kushoto, na jina la aliyepima. Isiyo na sahihi hurudishwa. Ikiwezekana mpimaji asibadilike, kwani tofauti ya nyuzi 5 inaweza kuwa ya mkono wake tu.

Kutembea sakafuni huhitaji goti likunjike kama nyuzi 60. Kuinuka kitini huhitaji 90 na ushei. Ndiyo maana mtu "anayetembea vizuri" hukwama chooni. Kwa hiyo tunamwambia pia ainuke kitini, aende mita 3, ageuke, arudi aketi, nasi tunahesabu sekunde. Tafadhali msimshike mkono. Ukimshika, tumekupima wewe.

Halafu kuna mto. Tumesema, tumebandika ukutani, na kila asubuhi tunaukuta chini ya goti. Ni huruma, najua. Lakini goti lililokunjwa usiku kucha ndivyo kovu linavyolikazia, na kulinyoosha tena kunauma kuliko kulala bila mto.

Kovu huendelea kuvuta kwa mwaka mzima, pengine miwili, kwa hiyo kadi ya marudio si mapambo. Aliyekosa miadi tunaanza naye upya, maana namba za miezi 3 iliyopita si za mguu aliokuja nao leo.