Maumivu ya kiuno na nyonga kwa wanawake: sindano ya mgongo inasingiziwa

"Tangu wanichome ile sindano ya mgongo, kiuno changu si kiuno tena." Maneno haya nimeyasikia kwa mawifi, kwa mashoga, na kwenye foleni ya kliniki ya watoto. Maumivu yao ni ya kweli kabisa. Sindano ndiyo inayosingiziwa.

Ganzi ya upasuaji wa uzazi huchomwa chini kiunoni, mahali ambapo ule mshipa mkuu wa fahamu wa uti wa mgongo umekwisha kukoma juu yake. Pale ilipochomwa huweza kuuma siku chache, na wengine huumwa kichwa. Lakini wanawake waliochomwa wakilinganishwa na wasiochomwa, miezi kadhaa baada ya kujifungua mgongo huwauma karibu sawasawa. Chanzo kikubwa ni mimba yenyewe: homoni hulegeza viungio vya nyonga, tumbo huvuta kiuno mbele, misuli ya tumbo hutanuka. Aliyeumwa mgongo akiwa mjamzito ndiye aliye katika hatari zaidi ya kuendelea kuumwa.

Kisha kazi zinamsubiri. Jirani yangu hufua akiwa ameinama kwenye beseni, magoti yamenyooka, mtoto wa miezi minane amefungwa kanga mgongoni. Pembeni kuna ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 za maji, na ataibeba mwenyewe. Hayo yote hayataji. Anataja sindano.

Dhana inayoniumiza zaidi ni hii anayoambiwa binti: "Hilo ni chango tu, ukizaa litaisha." Hedhi inayomlaza mtu kitandani na kumkosesha shule kila mwezi inahitaji uchunguzi. Huenda ni endometriosisi, ambapo tishu inayofanana na utando wa ndani ya kizazi huota nje yake, kwenye ovari au karibu na utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huwapata asilimia 10 hivi ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Huuma kiunoni, wakati wa tendo la ndoa, hata wakati wa kwenda haja kubwa. Kuwa na mama au dada mwenye ugonjwa huo huongeza hatari, na kadhalika kuvunja ungo mapema. Mimba huweza kuutuliza kwa muda, lakini haiuponyi. Na ultrasaundi ikitoka safi, bado haijaufuta.

Kuna pia "UTI sugu", inayotibiwa dozi baada ya dozi bila mkojo kuoteshwa maabara ili kuona kama kweli una vijidudu. Wakati mwingine ni ugonjwa wa zinaa, klamidia au kisonono, uliopanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Mwenza asipotibiwa naye, mama hurudi pale pale.

Kulala kutwa ili mgongo upone? Hapana, kutembea na mazoezi mepesi husaidia zaidi. Uvutaji sigara, uzito mkubwa, sonona na historia ya kunyanyaswa pia huongeza hatari ya maumivu haya, na anayeumwa kwa sababu hizo hajifanyi.

Nyonga ikiuma miezi sita, au mgongo mitatu, nenda ukachunguzwe. Lakini usingoje hata kesho ukishindwa kuzuia mkojo, ukifa ganzi katikati ya mapaja, miguu ikikosa nguvu, au maumivu yakija na homa kali.