"Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa, sasa huyu anashindwaje?"

Wiki hii nimeulizwa hivyo mara tatu. Kwanza na mama mmoja, kisha na mwalimu wa darasa la tatu, halafu na baba aliyekuja na kijana wake wa miaka 9 na daftari lililojaa "nitasoma kwa bidii", adhabu ya kunakili mara 50. Nililipitia lote. "Bidii" ilikuwa imeandikwa kwa namna nne: bibii, didii, bidi, na mara chache bidii.

Dhana: Disleksia, yaani shida ya kudumu ya kusoma na kuandika isiyotokana na upungufu wa akili, ni ya Kiingereza. Anayeshindwa kusoma Kiswahili ni mvivu tu.

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

"Mwalimu, huyu ana akili," baba aliniambia. "Redio ikiharibika anaifungua na kuirudishia. Kusoma tu ndiko hataki." Nikampa mtoto kitabu chake cha shule, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Baba akanitazama: umeona? Nikamwomba kijana asome tena, ila aanzie mstari wa mwisho apande juu. Akanyamaza. Kidole kilikaa chini ya "ndizi" muda mrefu, mwishowe akasema "dizi". "Anapika" akaisoma "anapiga". Ukurasa ule alikuwa ameukariri kwa kuwasikia wenzake wakiuimba darasani. Nioneshe mvivu anayekariri ukurasa mzima ili asiaibike.

Nikamwandikia maneno ya kubuni: "lapemu", "mbosi", "ng'opeshi". Baba akalalamika kwamba hayo maneno hayapo. Hayapo ndiyo, na ndiyo sababu nayatumia. Neno lisilokuwepo hukulikariri na huwezi kulibahatisha. Lazima uunganishe sauti mwenyewe. Kijana alitoka jasho kwenye "mbosi".

Penye shida ni hapo. Mwenye disleksia hupata taabu kuchambua sauti zilizomo ndani ya neno na kuzifunga na herufi zake, mpaka kazi hiyo ijiendeshe yenyewe. Kiswahili kina huruma, sikatai. "A" ni "a" popote uikutapo, kwa hiyo watoto wetu wengi wenye disleksia hatimaye husoma kwa usahihi. Wanachokosa ni kasi. Tena Kiingereza kikimtesa mtoto kwa tahajia, Kiswahili humtesa kwa urefu wa maneno. Chukua "watakapoturudishia". Wewe umelimeza kwa mkupuo. Yeye analipanda silabi moja moja, na akifika "-shia", ile "wata-" ya mwanzo imeshamponyoka. Hajui tena nani anamrudishia nani, na hilo ni neno moja tu la sentensi. Muulize swali la ufahamu, atakodoa macho. Msomee wewe habari ile ile, atakujibu hata ambalo hukuuliza.

Mwaka 2001 watafiti walichapisha ulinganisho wa wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Kiitaliano nacho huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na kweli Waitaliano walisoma vizuri kuliko wenzao. Lakini picha za ubongo zilizopigwa wakiwa wanasoma zilionesha jambo moja kwa wote: eneo lile lile la upande wa kushoto lilifanya kazi chini ya kawaida. Tahajia nyepesi iliwafunika Waitaliano nguo, mwili ulikuwa ule ule.

Na suala la uvivu si jipya. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za Percy, kijana wa miaka 14 aliyekuwa mwepesi wa hesabu lakini jina lake mwenyewe aliliandika "Precy". Mwalimu wake alisema angekuwa kinara wa shule kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo. Miaka zaidi ya 120 imepita, na Percy bado anakaa mbele ya meza yangu, safari hii na alama za fimbo mikononi.

Dhana: Ni macho. Mnunulie miwani.

Macho yapimwe, kama ya mtoto yeyote. Ila miwani haifundishi sauti za herufi. Na zile lenzi za rangi zinazouzwa bei mbaya hazina ushahidi wa kuaminika. Hela hiyo mlipe mtu wa kukaa na mtoto.

Dhana: Anageuza b na d, basi tayari ana disleksia.

Watoto wengi hugeuza herufi, na mpaka miaka 7 hivi wala sishtuki. Mimi husikiliza zaidi masikio yake: ukiondoa "m" kwenye "mbuzi" kinabaki nini? Anayeshindwa mchezo huo huku wenzake wakiuona wa kitoto, huyo ndiye nitakayemfuatilia.

Dhana: Amefungwa.

Miezi sita ya kuzunguka kwa waganga ni miezi sita ambayo hakuna aliyemfundisha.

Dhana: Hawa wote ni majiniasi, hata Einstein alikuwa nayo.

Ya Einstein haijathibitishwa. Wapo wenye disleksia wenye vipaji vikubwa, wapo wa kawaida kama mimi. Hakuna haja ya kuwa Einstein ndipo uache kuchapwa.

Dhana: Atakua, itaisha. Na kwenye ukoo wetu haipo.

Haiishi. Anakua nayo na kujifunza kuizunguka: anatuma ujumbe wa sauti badala ya kuandika, daladala yake anaijua kwa rangi ya mstari, kwenye mkutano hakubali kamwe kuwa katibu. Na disleksia hurithiwa sana. Yule baba wa redio nilipompa fomu ya kuridhia vipimo, aliishika, akaigeuza, akanirudishia. "Nisomee tu mwalimu, miwani nimeisahau nyumbani." Nilimsomea yote, polepole, mpaka mwisho. Kijana alikuwa anatazama dirishani.

Dhana: Ukimsomea unamdekeza.

Msomee. Msomee historia na sayansi, asiachwe nyuma kwa maarifa wakati kusoma kunajengwa. Kusoma kwenyewe kujengwe kando, dakika 15 kila siku na si saa tatu za Jumamosi: sauti kwanza, agonge meza kwa kila silabi, halafu ndipo herufi. Usimsimamishe kusoma mbele ya darasa bila kumwambia jana yake ni aya gani. Kunakili mara 50 kukome leo. Anachonakili ni makosa yake. Na mkatie kipande cha kadi cha kuweka chini ya mstari anaousoma, asipotee njia. Kadi ya duka haihitajiki. Boksi la majani ya chai linatosha.