Chumvi Iliyopikwa Nayo Ni Chumvi

Wagonjwa wengi wa shinikizo la juu la damu wanaokuja kupata ushauri wa lishe husema kwa uhakika kwamba wameacha chumvi. Wakiulizwa zaidi, hubainika kuwa walichoacha ni chumvi mbichi, ile ya kunyunyizia chakula mezani, huku sufuria ya mboga ikiendelea kutiwa kiasi kilekile cha zamani. Imani kwamba moto huiondolea chumvi madhara imeenea mno, na kwa maoni yangu huwakwamisha watu ambao kweli wamedhamiria kujitunza. Maji ya mchuzi huchemka kwenye nyuzi joto 100 hivi, ilhali chumvi kavu huhitaji nyuzi 801 ili iyeyuke, na hata ikiyeyuka, madini ya sodiamu yaliyomo hayapotei.

Sodiamu ikizidi hubakiza maji mwilini, damu ikaongezeka ujazo, na moyo ukalazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi. Miaka inavyopita mishipa hukakamaa, figo huharibika na hatari ya kiharusi hupanda, mara nyingi bila dalili yoyote. Kwa hiyo mtu asisubiri kuumwa kichwa ndipo akapime, na vipimo vinavyorudia kuonesha 140/90 au zaidi vinahitaji kufuatiliwa kituoni.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyojificha ndani ya vyakula. Kipimo rahisi cha nyumbani ni kuandika tarehe kwenye pakiti siku inapofunguliwa: katika kaya ya watu wazima watano, pakiti ya nusu kilo ikiisha kabla ya siku 20, kiasi kimeshapita, hata kabla ya kuhesabu mkate, ng'onda, soseji na vile vipande vya kuongeza ladha ya mchuzi. Chumvi hiyo kidogo iendelee kuwa yenye madini joto.

Magadi nayo yanasahaulika sana. Kwa kuwa hayana ladha ya chumvi, mpishi huyatia kwenye maharage, makande au mlenda bila wasiwasi, ilhali nayo yana sodiamu nyingi. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kumwagwa maji yake huiva upesi bila magadi, na mkaa huokolewa.

Wapo wanaosema shinikizo la damu ni la ukoo, hivyo chakula hakina nafasi. Urithi una sehemu yake, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1990 kuhusu Waluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi ulionesha kuwa shinikizo lao lilipanda ndani ya miezi michache tu ya kuishi mjini, tofauti na wenzao waliobaki kijijini. Uzito wao ulikuwa mkubwa zaidi, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi ikilinganishwa na potasiamu.

Potasiamu husaidia figo kutoa sodiamu, nayo imejaa katika ndizi, mchicha, maharage, viazi vitamu na machungwa, vyakula ambavyo masoko yetu hayavikosi. Mwenye ugonjwa wa figo azungumze kwanza na daktari wake, kwa sababu kwake potasiamu nyingi inaweza kuwa hatari. Kutembea kwa haraka jumla ya dakika 150 kwa wiki, kupunguza uzito uliozidi, kupunguza pombe na kuacha sigara huongeza nguvu ya mabadiliko haya ya jikoni.

Anayetumia dawa asiziache kwa kuwa amepunguza chumvi na vipimo vimeshuka. Aendelee kuzimeza, apeleke kumbukumbu za vipimo vyake kliniki, na daktari ndiye aamue kama dozi inaweza kupunguzwa. Kwa upande wa mboga, apunguze chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, akiongeza ndimu, tangawizi au kitunguu saumu, hadi ulimi wa kaya nzima uzoee.