Je, wajua kwa nini timu ya NFL hutoa zamu nne ili impate mchezaji mmoja?

Usiku wa tarehe 27 Aprili 2023, mjini Kansas City, Houston Texans waliwagawa mashabiki wao ndani ya dakika chache. Walikuwa na zamu ya pili ya kuchagua katika drafti, yaani mgao wa wachezaji wapya, ya ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, wakamchukua kwotabeki (mrushaji mkuu wa mpira) C.J. Stroud. Kabla watu hawajamaliza kushangilia au kununa, likatoka tangazo jingine: Texans wamenunua pia zamu ya tatu kutoka kwa Arizona Cardinals, na wanamchukua Will Anderson Jr. wa Chuo Kikuu cha Alabama. Kazi ya Anderson ni kumfikia kwotabeki wa timu pinzani kabla hajarusha mpira. Wachezaji wa aina hii tuwaite wavamizi.

Bei ndiyo iliyoleta kelele. Texans walitoa zamu ya 12, zamu ya 33, zamu yao ya raundi ya kwanza ya mwaka 2024, na nyingine ya raundi ya tatu mwaka huohuo. Cardinals walitoa zamu ya 3, wakaongezea ya 105.

Kwa aliyezoea ligi ya Uingereza, ambako klabu yenye hela humfuata mchezaji inayemtaka na kuvunja mkataba wake, utaratibu huu unahitaji maelezo kidogo. NFL ina timu 32. Kila mwishoni mwa Aprili hugawana wachezaji wapya wanaotoka vyuoni kwa raundi saba. Iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho. Mchezaji hana la kusema: timu iliyomchagua ndiyo yenye haki ya kumsajili. Lakini zamu yenyewe ni mali, inauzika, na hulipwa hasa kwa zamu nyingine, za mwaka huu au za miaka ijayo. Ni foleni ambayo aliye nyuma anaruhusiwa kununua nafasi ya aliye mbele, mradi akubali kuachia nafasi zake za kesho.

Sasa kwa nini mtu afanye hivyo kwa ajili ya mvamizi, ambaye hafungi wala harushi?

Angalia kinachotokea mpira unapoanza. Kwotabeki anaupokea, anarudi hatua tano hivi, anatazama mbele kutafuta mwenzake aliye wazi. Ana sekunde mbili na nusu, labda tatu. Pembeni mwa safu, mvamizi ameinama, mkono mmoja chini. Mbele yake yupo mlinzi wa kwotabeki mwenye kilo 140 au zaidi, ambaye kazi yake ni kurudi kinyumenyume huku akimzuia. Mvamizi ana kilo 110 na ushei. Hawezi kumsukuma mtu huyo kila mara, kwa hiyo anakimbilia bega lake la nje, halafu anakata kona huku mwili umelala karibu na nyasi, ili mikono ya mlinzi ikose pa kushika. Ukubwa huo wa mwili, kasi hiyo, na vifundo vya miguu vinavyoweza kukunja kona namna hiyo ni vitu ambavyo ni nadra kukutana kwa mtu mmoja.

Akimfikia kwotabeki na kumwangusha na mpira wake, hiyo ni saki, nayo NFL ilianza kuihesabu rasmi mwaka 1982. Lakini hata asipomfikia, akimkaribia tu, kwotabeki hurusha haraka, hurusha vibaya, au hurusha mikononi mwa adui. Ligi ya leo inaishi kwa kurusha mpira, na kwotabeki ndiye mchezaji anayelipwa kuliko wote. Mtu anayeweza kumharibia kazi lazima naye awe ghali.

Ughali wenyewe si wa kubahatisha. Mwaka 2025 Pittsburgh Steelers walimwongezea mkataba T.J. Watt kwa wastani wa dola milioni 41 kwa mwaka. Wiki chache baadaye Green Bay Packers wakampata Micah Parsons kutoka Dallas Cowboys: wakatoa zamu mbili za raundi ya kwanza pamoja na mchezaji mzoefu Kenny Clark, kisha wakamlipa Parsons wastani wa dola milioni 47 kwa mwaka. Hiyo ndiyo bei ya mvamizi aliyekwisha kujulikana. Anderson, kwa upande wake, alisaini miaka minne kwa takriban dola milioni 35 jumla. Yaani miaka yake yote minne ni pungufu ya mwaka mmoja wa Watt. Sababu ni kwamba tangu makubaliano ya mwaka 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji, mshahara wa mchezaji mpya unapangwa na namba ya zamu aliyochaguliwa, si kwa mabishano ya mawakala. Na kwa kuwa kila timu ina ukomo wa mishahara, fedha uliyookoa kwa mvamizi kijana unamlipia mtu mwingine.

Kwa hiyo meneja anayenunua zamu ya mbele hajapagawa. Anajaribu kupata kwa bei ya dukani kitu ambacho baada ya miaka minne kitauzwa kwa bei ya dhahabu. (Naam, wapo wasiopita kwenye foleni hii kabisa. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga akajiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013 kama lainbeka wa pembeni (mchezaji wa ulinzi anayesimama nyuma au pembeni ya safu ya mbele) bila kuchaguliwa na yeyote kwenye drafti. Muda wake uwanjani ulikuwa mdogo, lakini alifika.)

Mashabiki wanaopinga mabadilishano kama yale ya Texans huwa na silaha moja wanayoipenda: jedwali la pointi. Lilitengenezwa Dallas mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Jimmy Johnson akiwa kocha, na hadi leo watu hulitumia ingawa kuna mengine mapya. Zamu ya kwanza ina pointi 3,000, ya pili 2,600, ya tatu 2,200. Ya 12 ina 1,200, ya 33 ina 580.

Tulifanyie kazi, kwa sababu hapa ndipo ugomvi ulipo. Zamu ya 12 na ya 33 kwa pamoja ni pointi 1,780. Ili kufikia 2,200 zilihitajika 420 tu, yaani zamu ya katikati ya raundi ya pili. Texans wakaweka juu yake zamu nzima ya raundi ya kwanza ya mwaka uliofuata. Na Texans walikuwa nani wakati ule? Msimu wa 2022 walishinda mechi 3, wakapoteza 13, wakatoka sare 1. Misimu miwili kabla ya hapo walishinda nne nne. Mtu yeyote mwenye akili timamu angedhani zamu yao ya 2024 ingekuwa ndani ya tano bora. Tuseme ingekuwa ya tano: pointi 1,700. Ukijumlisha unapata 3,480, zaidi ya thamani ya zamu ya kwanza kabisa ya drafti, ilhali wao walinunua ya tatu. Zile zamu ndogo za raundi ya tatu na ya 105 ziweke kando, hazibadilishi picha.

Ndiyo maana wachambuzi wengi wa takwimu walishika vichwa. Na mashabiki wa upande wa pili wakajibu kama wanavyojibu siku zote: pointi hazichezi mpira, mpe kocha anachotaka. Kocha mwenyewe, DeMeco Ryans, alikuwa mpya kazini, aliwahi kuchezea Texans kama lainbeka, na alisoma Alabama kama Anderson.

Wapingaji wana ushahidi mzito kuliko jedwali. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler (huyu wa pili alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2017) walipekua drafti za miaka mingi. Walimlinganisha kila mchezaji na yule wa nafasi yake aliyechaguliwa akimfuatia, wakauliza: aliyetangulia ndiye aliyekuja kuwa bora? Jibu lilikuwa ndiyo kwa takriban asilimia 52. Ni kama kurusha shilingi. Timu zina ujuzi kuliko sisi, hilo halina shaka, lakini zinaamini zina ujuzi mwingi kuliko zilio nao kweli, na imani hiyo ya ziada hulipiwa kwa zamu. Maxx Crosby, mmoja wa wavamizi wakali wa kizazi hiki, alichaguliwa wa 106 mwaka 2019. Danielle Hunter alikuwa wa 88 mwaka 2015. Hata Parsons mwenyewe: mwaka 2021 Dallas waliuza zamu yao ya 10, wakarudi nyuma hadi ya 12, wakaongezewa ya raundi ya tatu, na bado wakampata.

Lakini jedwali nalo linadanganya, na mfano mzuri ni Miami Dolphins. Mwaka 2013 walipanda kutoka zamu ya 12 hadi ya tatu, safari ileile waliyokuja kuifanya Texans miaka kumi baadaye, kumfuata mvamizi Dion Jordan wa Oregon. Walilipa zamu ya 12 na ya 42 basi. Kwa pointi ni 1,680 kwa kitu cha 2,200. Bei ya kutupa! Jordan alipata saki tatu tu akiwa Miami, akafungiwa zaidi ya mara moja chini ya kanuni za ligi za dawa, na msimu wa 2015 hakucheza kabisa. Waliouza, Oakland Raiders, nao hawakuondoka na lolote la kukumbukwa. Kwa upande mwingine, mwaka 2009 Green Bay walitoa zamu tatu, za 41, 73 na 83, wakapanda hadi ya 26 kumchukua Clay Matthews. Kwa jedwali walizidishiwa bei kidogo. Matthews aliwapatia saki 83.5, na katika Super Bowl, fainali ya ligi, waliyoshinda Februari 2011 yeye na Ryan Pickett ndio waliomgonga Rashard Mendenhall wa Pittsburgh mpira ukamponyoka.

Binafsi naona pande zote mbili hubishana juu ya kitu kisicho sahihi. Wanabishana juu ya mchezaji: atafaa, hatafaa. Huo ni utabiri, na asilimia 52 imeshatuambia utabiri una thamani gani. Kinachopimika ni kile kipande cha bei ambacho siku ya mauzo bado hakina namba: zamu ya mwakani. Namba yake huandikwa na timu yenyewe iliyoiuza, kwa matokeo yake. Anayeiuza anajiwekea dau kwamba hatakuwa mbovu.

New Orleans Saints walilielewa hilo mwaka 2018. Walikuwa timu nzuri, wakatoa zamu ya 27, ya raundi ya tano, na ya raundi ya kwanza ya 2019 ili wapande hadi ya 14 kumchukua Marcus Davenport. Mashabiki wao walilalamika: raundi ya kwanza mbili kwa mvamizi kutoka chuo kidogo! Saints wakafanya vizuri, na ile zamu ya 2019 ikatua ya 30. Dau la kujiamini walilishinda. Walichopoteza ni afya ya Davenport, aliyeumia mara kwa mara na kuondoka baada ya misimu mitano akiwa na saki 21.5.

Texans walishinda yote mawili. Msimu wa 2023 walishinda mechi 10, wakachukua kundi lao, wakawatandika Cleveland Browns 45–14 katika mtoano. Stroud akawa mchezaji mpya bora wa ushambuliaji wa ligi nzima, Anderson akawa mchezaji mpya bora wa ulinzi akiwa na saki saba. Msimu uliofuata akafikisha 11. Na zamu ile ambayo watu waliihesabu kama ya tano? Ikatua ya 27, pointi 680. Rudia hesabu sasa: 1,780 na 680 ni 2,460 kwa kitu cha 2,200. Bado walizidishiwa, lakini ni kiasi cha zamu ya raundi ya tatu, si kashfa. Ukiangalia vizuri, Stroud ndiye aliyeshusha bei ya Anderson kuliko mtu mwingine yeyote, jambo ambalo hakuna mtu aliyeliingiza kwenye hesabu usiku ule wa Kansas City.

Mwaka 2025 Atlanta Falcons walirudia mchezo huo. Walikuwa wameshamchukua mvamizi Jalon Walker kwa zamu ya 15, kisha wakawapa Los Angeles Rams zamu yao ya raundi ya kwanza ya 2026 pamoja na nyingine ili wapande hadi ya 26 kumpata James Pearce Jr. Shabiki wa Falcons aliyetaka kujua kama wameibiwa alipaswa kuanza na swali la kwotabeki wake, ndipo aje kwa Pearce.

Na Cardinals, waliochekelea? Usiku uleule wa 2023 walitumia zamu ya 12 kupanda tena, hadi ya sita, wakamchukua Paris Johnson Jr., mlinzi ambaye kazi yake ni kuzuia watu kama Anderson. Mwaka uliofuata, ile ya 27 waliyopewa na Texans ilipofika, walimchagua Darius Robinson wa Missouri, mchezaji wa mstari wa mbele wa ulinzi.