Kidato cha kwanza, Kiingereza na disleksia: maswali ninayoulizwa na wazazi wa Mtwara

Shule zikifunguliwa Januari, hazipiti wiki nyingi naanza kupokea vijana wa kidato cha kwanza wanaoumwa tumbo. Linauma asubuhi za shule tu, Jumamosi hawana habari nalo. Ukiwapima huoni kitu. Ukikaa nao taratibu, mzazi akiwa nje, wanasema: naogopa kuitwa kusoma Kiingereza mbele ya wenzangu. Baadhi yao wana disleksia, na nyumbani hakuna anayejua.

Disleksia ni nini hasa?
Ni ugumu wa kusoma na kuandika unaotokana na namna ubongo unavyounganisha herufi na sauti. Mtoto huzaliwa nao, na mara nyingi umo katika ukoo. Haupimi akili ya mtu. Hauambukizi.

Mbona darasa la saba alifaulu?
Kwa sababu Kiswahili kinamvumilia. "A" ni "a" popote uendapo, kwa hiyo alijikongoja, akakariri, akapita. Sekondari anakutana na though, tough na through: zote zinaishia kwa herufi nne zilezile, na kila moja ina mlio wake. Tena Kiingereza si kipindi kimoja. Baiolojia ni Kiingereza, Jiografia ni Kiingereza, swali la Hisabati nalo lazima alisome kwanza. Kuna wanaoniuliza kama kosa ni kumlea kwa Kimakonde au Kimwera. Hapana, endeleeni kuongea naye. Wingi wa lugha hauleti disleksia.

Nitaitambuaje?
Anza na daftari lake la Kiswahili, hata la zamani. Mtoto mmoja aliniandikia "tebea" kwa tembea na "shagazi" kwa shangazi, na b na d zinabadilishana mahali. Alipokuwa akisoma aliburuta kidole chini ya kila silabi, na alipofika mwisho wa sentensi mwanzo wake ulikuwa umeshamtoka. Mtoto huyohuyo ukimsimulia jambo kwa mdomo analirudisha lote bila kuacha kitu. Ukiona pengo la namna hiyo, yaani mdomoni yuko vizuri na kwenye karatasi amekwama, shuku disleksia.

Mwalimu anasema ni mvivu. Nimchape?
Hapana.

Hata kidogo, ili aone uchungu wa masomo?
Hapana, mama. Fimbo haifundishi ubongo kuunganisha herufi na sauti. Inafundisha uoga, na mtoto mwenye uoga anasoma vibaya zaidi. Nimewaona waliopigwa kofi la sikio, na kofi la namna hiyo linaweza kupasua ngoma ya sikio. Sasa una mtoto asiyesoma na asiyesikia vizuri.

Lakini sisi tulichapwa na tukasoma.
Mlisoma nyinyi mliokuwa na uwezo wa kusoma hata bila fimbo. Yule rafiki yako aliyeacha shule akaenda pwani kuvua, uliwahi kumuuliza kwa nini aliacha? Jibu langu ni lilelile: usimchape, na mwambie mwalimu kwa adabu asimchape.

Kuna mganga anasema amefungwa akili. Na dukani kuna vidonge vya kumbukumbu.
Okoa fedha yako. Disleksia haina kidonge, haina chanjo, haina hirizi. Wala miwani haitibu disleksia, ingawa macho lazima yapimwe.

Si itaisha akikua?
Haiishi. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana wazazi husubiri mpaka mtihani wa kidato cha pili umwangushe ndipo waje, na kijana keshaamua kwamba yeye ni mjinga. Anayesaidiwa mapema hujifunza njia zake na hufika mbali. Anayesubirishwa huacha shule.

Tuanzie wapi?
Masikio na macho, kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na ikibidi hospitali ya mkoa ya Ligula au, kwa walio Lindi, hospitali ya mkoa ya Sokoine. Mtoto aliyewahi kutoka usaha masikioni mara kwa mara asirukwe hatua hii. Kisha nenda kwa mkuu wa shule, umwombe akukutanishe na afisa wa elimu maalumu wa halmashauri. Nenda na madaftari, yanasema zaidi ya maelezo yako.

Na Kiingereza atakijuaje?
Kwa sikio kwanza. Aongee na asikilize kabla ya kuandika. Maneno afundishwe kwa ukoo wa sauti: rain, train, pain leo, na mengine kesho, si orodha ya maneno 30 ya kukariri. Ayatamke huku akiyaandika kwa kidole kwenye mchanga, bure kabisa. Kata boksi la katoni uwe na kadi, sauti ngumu iwe kwa rangi yake. Dakika 15 kila siku zinatosha, saa tatu za Jumapili ni mateso. Dada au kaka amsomee notisi na kuzirekodi kwenye simu, naye azisikilize akiwa anapika au anachunga.

Kwa walimu nina maombi mawili, na nayasema kila nikialikwa shuleni. Msimsimamishe ghafla kusoma kwa sauti. Na kwenye mazoezi ya Baiolojia, akijua kazi ya moyo lakini akakosea herufi za neno heart, mpeni alama yake ya kazi ya moyo. Kwenye majaribio ya shule mwongezeeni muda.

Tuko kwenye msimu wa korosho. Tukimaliza kuuza tutakuja.
Msimu utaisha Desemba na shule zitakuwa zimefungwa. Njoo wiki hii, hata na baiskeli, madaftari uyafunge vizuri yasilowe.